Kiboko Mwenye Jino la Mjomba

Mjomba wangu hutafuna wanyama. Nianze hapo, maana mtu akija kwetu mara ya kwanza hilo ndilo analoliona, na asipoelezwa mapema anarudi kwao na habari nusu.

Ni wanyama wa mbao. Anawachonga mwenyewe kwenye chumba cha uani, kile kilichokuwa stoo ya mkaa kabla mama hajamwachia. Twiga, tembo, kobe, mamba, na viboko wa kufungua mdomo. Mbao anaziokota kwa fundi milango wa barabara ya juu, vile vipande vinavyobaki mlango ukishakatwa, kwa hiyo wengi wa wanyama wake walikosa kidogo tu kuwa milango ya watu. Ana meza nzito yenye jiliwa ya kubania, patasi zimepangwa ukutani kuanzia nyembamba hadi nene, na msasa umetundikwa kwenye misumari kama nguo. Rangi hapaki. Anasugua nta ya nyuki kwa kitambaa cha shati kuukuu. Rangi, anasema, mtoto ataila.

Hiyo "mtoto ataila" ndiyo kazi yake yote. Anasema anayetengeneza kiti hukikalia kwanza, anayeshona kiatu hutia mkono ndani, ila watu wa vitu vya watoto wanapeleka tu dukani bila wao wenyewe kuwa watoto hata kidogo. Yeye mnyama hatoki uani mpaka amejaribiwa. Anaketi sakafuni, miguu kaitawanya, anaanza. Kwanza anamng'ata kila mahali: masikio, mkia, kwato. Halafu anamdondosha kutoka mezani. Halafu anamtia kwenye beseni la maji ya sabuni. Halafu anamlalia ubavu, aone kama kuna ncha inayochoma. Mwisho anamtupa kwa hasira.

Hapo kwenye hasira ndipo penye kazi, kwa sababu Mjomba hana hasira. Alizaliwa bila. Na kutupa kwa upole, anasema, si kutupa, mtoto aliyenyimwa kitu hatupi kwa upole. Kwa hiyo ikifika hatua hiyo anamwita mama, ambaye ni dada yake mkubwa, na mama anaacha alichoshika, anasimama mlangoni na kumchokoza.

"Wenzako wana mabasi," mama anaanza. "Wewe una kobe."

"Hiyo uliisema wiki iliyopita, dada. Haiumi tena."

"Kuna mtu kaniuliza mdogo wako anafanya kazi gani. Nikamwambia unaumwa."

"Afadhali. Ongeza kidogo."

"Na ile suruali uliyovaa msibani, nyuma ilikuwa imepasuka. Watu wote waliiona. Mimi nilinyamaza makusudi."

Twiga anapita karibu na sikio la mama, anagonga ukuta, anaanguka. Mjomba anamwokota, anamkagua shingo.

"Mzima. Asante, dada."

"Haya," mama anasema, anarudi kwenye maharage yake.

Sasa habari ya jino. Jino la Mjomba la mbele, la juu, lilikwenda na kifaru zamani, kifaru wa mbao ngumu kuliko alivyodhani. Fundi wa meno akamtengenezea la bandia, limeshikizwa kwenye kibao chembamba cha plastiki kinachokaa juu mdomoni. Lilikuwa jeupe kuliko wenzake wote. Tangu alipolipata alikuwa akicheka hata panapotosha kutabasamu.

Dada yangu mimi ni msusi, na mtaa mzima unamwita Msusi, hata sisi nyumbani. Mwaka ule akapata mtu, kijana mtaratibu anayetengeneza redio, na kijana akasema wazazi wake watakuja Jumamosi kuzungumza. Baba yetu alishafariki. Wajomba wengine wako mbali. Mama alikaa na jambo hilo siku kadhaa, namwona anapeta mchele huku midomo inacheza, mwisho akaenda uani.

"Jumamosi utasema wewe," alimwambia Mjomba.

Mjomba alikuwa na mkia wa mamba mdomoni. Akautoa. "Niseme nini?"

"Uwapokee wageni. Ujibu watakachouliza. Usimame kama mwanamume wa nyumba."

Sijui kama mama aliona, mimi niliona. Mjomba alimweka mamba chini polepole, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasimama, kama vile Jumamosi imeshafika. Maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumkabidhi chochote. Kwenye harusi anapewa kazi ya kuangalia watoto wasiingie jikoni. Kwenye vikao anakalishwa karibu na mlango. Watu wanasema yule anacheza na vinyago, kana kwamba vinavyomlisha si hivyohivyo vinyago.

Akaanza mazoezi palepale. Aliwapanga wanyama mezani wawe wageni: tembo akawa baba mkwe, kobe mama mkwe, na kijana wa redio akawa bata, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Akawa anawahutubia huku anapiga msasa. Nilipopita na ndoo nilimsikia anamwambia tembo, "Hapana, mzee, endelea wewe kwanza."

Wiki hiyohiyo shule ya chekechea ya mtaani ikawa inasubiri viboko wake, kundi zima, kila mtoto na wake. Kiboko wa Mjomba ana taya la chini linalofunguka, na kwenye taya kuna vitundu, kila kitundu kinaingia kijijino cha mbao na tone la gundi. Mwalimu wa chekechea alikuja kuwachukua Jumatatu asubuhi na kuwakuta wa mwisho wakiwa bado na gundi mbichi. Akasema atasubiri. Mjomba, mwalimu akiwa amesimama mlangoni na kikapu, akawang'ata wale wa mwisho harakaharaka, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekula mahindi. Mwalimu aliangalia pembeni. Viboko wakaenda.

Saa ya chai Mjomba akaketi nasi, akapuliza kikombe, akasema, "Sukari iko wapi?"

Ilitoka filimbi. Si mfano, ni filimbi yenyewe. Mama akageuka. Msusi akageuka. Mbwa wa fundi baiskeli, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaingia mbio na kusimama katikati ya sebule akingoja kuambiwa la kufanya.

"Sema tena," mama alisema.

"Sukari." Mbwa akamsogelea.

Mjomba akatia kidole mdomoni. Kibao cha plastiki kilikuwepo, ndiyo maana hakuhisi kitu. Jino juu ya kibao halikuwepo.

Tulitafuta uani kote. Tulichekecha vumbi la mbao kwa chekecheo la unga. Msusi, ambaye hajawahi kugusa kile chumba kwa kuogopa kucha zake, alipiga magoti chini ya meza. Hakuna. Mwisho mama akasimama wima, mikono kiunoni, akamtazama tumboni.

"Umelimeza."

"Ningejua, dada."

"Wewe unameza vipande vya twiga kila siku, umewahi kujua?"

Basi mama akanunua papai kubwa, akamlisha lote, na kesho yake jingine. Mengine ya siku zile siyaandiki. Itoshe kusema Mjomba alikuwa akienda chooni na mama anamuuliza kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayengoja gari, "Vipi?" Naye anajibu, "Bado."

Fundi wa meno alikuwa likizo. Msusi akaanza kulia, tena anasuka huku analia, machozi yanamdondokea mteja utosini. "Baba wa huyo kijana alikuwa mtu wa mizani," alisema. "Yule wa barabara kuu, anayepima malori. Akikutazama tu anajua umepungukiwa wapi. Atasema mmenileta kwenye ukoo wa mapengo."

"Si mapengo, ni moja," Mjomba alisema, kwa filimbi kidogo, na mbwa akachungulia.

Alhamisi mwalimu wa chekechea akarudi. Alikataa kiti. Alikuwa na sura ya mtu aliyefanya mazoezi njiani.

"Fundi, nauliza tu, bila ubaya," alisema. "Viboko wako wote wana meno ya mbao, sivyo?"

"Wote."

"Mmoja ana la mtu."

Mama aliweka chini papai alilokuwa ameanza kumenya.

Jino lilikuwa limekatika wakati wa kung'ata na kuingia moja kwa moja kwenye kitundu ambacho kijijino chake hakijatiwa, na gundi mbichi ikalishika. Mwalimu alisema watoto ndio waliogundua. Wanagombea kumpapasa. Mwenyewe amekataa hata kumwacha darasani, analala naye. Na mwenyewe ni Mkurugenzi.

Mkurugenzi ni binti wa fundi baiskeli, mwenye huyo mbwa. Hajaanza hata darasa la kwanza, ila anaagiza watu. Ndiye aliyemwambia muuza maziwa ahamishe meza yake kivulini, na meza ikahama. Mama, Mjomba na mimi tulimkuta amekaa kwenye tairi nje ya karakana ya baba yake, kiboko mapajani. Kiboko alifungua mdomo. Vijijino vya mbao vyeusivyeusi, na katikati jino moja kubwa la Mjomba, na hilo jino lilikuwa la waridi.

"Nimempaka rangi ya kucha ya mama," Mkurugenzi alieleza. "Ni kiboko wa kike."

Mjomba akachuchumaa. "Mwanangu, hilo jino ni langu."

"Ni la kiboko. Liko mdomoni kwake."

"Liliingia kwa bahati mbaya."

"Fungua mdomo."

Mjomba akafungua. Mkurugenzi alitazama ndani, akaangalia huku na huku kama mtu anayepangishwa chumba.

"Watu wakubwa hawatokwi na meno," alisema.

"Nitampa jino jipya la mbao zuri. Nitakupa na twiga."

"Ana ya mbao mengi. Twiga wa nini?"

Fundi baiskeli alikuwa ameshaona aibu ya kutosha. Alitoka na koleo mkononi. "Lete hapa huyo kiboko. Fundi, shika. Mara moja tu linatoka."

Mjomba alisimama kati yake na mtoto. Mama alikuwa amemshika shati kwa nyuma, nikaona anamvuta, maana yake chukua, twende. Mjomba hakwenda.

"Hapana," alisema. "Mnyama nikimkabidhi mtoto ni wake. Na vilivyomo ni vyake. Nikianza kuwanyang'anya, nani ataniamini na tembo?"

"Tembo gani," mama alisema kwa sauti ya chini. "Zungumzia Jumamosi."

Mkurugenzi alikuwa akimtazama Mjomba kwa makini, na ulimi unasukuma kitu mdomoni. Akaonyesha kwa kidole. Jino lake la mbele lilikuwa linacheza, linalala huku na kuamka.

"Langu likitoka nitampa yeye," alisema. "Halafu wewe chukua lako. Lakini umwekee siku hiyohiyo. Asikae na tundu."

"Nitamwekea."

"Hata ukiwa unakula?"

"Hata nikiwa nakula."

"Hata ukiwa na wageni?"

Mama alisema, "Mtoto mzuri, ngoja kwanza," lakini Mjomba alishasema, "Hata nikiwa na wageni," na wakapeana mikono.

Ijumaa yote mtaa wetu uliishi kwa ajili ya jino la Mkurugenzi. Mama alimpelekea muwa. Msusi alimpelekea karanga, akamsuka bure, akawa anavuta nywele za mbele kwa matumaini. Watu walipokutana njiani waliulizana limefikia wapi, kama wanavyouliza habari za mgonjwa. Jioni limeshikwa na uzi mmoja tu, alisema muuza maziwa, ila lenyewe haliachii.

Ikabidi tujiandae bila jino. Msusi alikaa na Mjomba, akaipitia hotuba yake yote na kutoa kila neno lenye ile sauti inayopiga filimbi. "Asante" ikatoka. "Sisi" ikatoka. "Posa" yenyewe ikatoka, ikabaki "jambo". Mjomba alisema ni kama kumchonga mtu bila miguu. Msusi akamwambia, "Achechemee tu, afike."

Jumamosi wakaja. Baba wa kijana, Mzee wa Mizani, alikuwa mrefu, kakauka, na hakusema neno. Alisalimia kwa kichwa. Alilikalia kochi taratibu, kama anayengoja sindano ya mizani isimame. Kisha akaanza kututazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akavuta tumbo ndani. Mkewe ndiye aliyekuwa mzungumzaji, mnene, mcheshi, macho hayatulii. Kijana wa redio alikaa pembeni akitoka jasho. Msusi alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, na mimi nyuma yake, tunachungulia.

Mjomba akasimama. Kavaa koti la marehemu baba. Akaweka mkono karibu na mdomo kama mtu anayefikiri sana.

"Wageni wetu, karibuni mno," alisema. "Nyumba hii ni yenu, viti ni vyenu, chai ni yenu. Mmekuja kwa jambo, na jambo lenyewe tunalijua, na binti mwenyewe analijua."

Mama alishusha pumzi. Hata mimi.

"Tumefurahi," mama mkwe alisema. "Na binti ana umri gani?"

Umri wa Msusi kwa Kiswahili umejaa filimbi mwanzo mpaka mwisho. Mjomba akauzunguka.

"Mama, umri wa kuolewa ameufikia, na bado hajaupita."

"Vizuri. Na kazi?"

"Anafanya kazi ya vichwa."

"Vichwa vya nini?"

"Vya wanawake."

Mama mkwe alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa akimtazama Mjomba. "Anavifanya nini hivyo vichwa?" aliuliza mama mkwe.

"Anavivuta, anavifunga, anavipaka mafuta. Wanaondoka wakifurahi."

Nyuma ya pazia Msusi alijifunika uso kwa pazia lenyewe. Kijana wa redio akasema, "Ni msusi, mama, nilikuambia," na mama mkwe akasema aa, kwa kirefu, na kumwambia Mjomba kwa wema, "Pole kwa kusimama, tumekuchosha."

Ni mazoea tu. Mtu akikupa pole, mdomo unajibu wenyewe.

"Asante," alisema Mjomba.

Mbwa aliingia kama risasi, akapita chini ya meza ya chai na kuketi mbele ya Mjomba, mkia unafagia sakafu. Na nyuma ya mbwa akaingia Mkurugenzi, kiboko kwapani, ngumi imefumbwa, kidevuni damu kidogo. Baba yake alibaki mlangoni, hajui aingie au akimbie.

"Limetoka," alisema Mkurugenzi.

Mama alinyanyuka. Msusi alitoka nyuma ya pazia alikoambiwa asitoke mpaka aitwe. Mimi pia nilijikuta sebuleni. Mama aliinua mikono juu, akamshika Mkurugenzi mashavu, akamtazama pengo, akasema, "Mungu mkubwa." Wageni walikuwa wamekaa hivyohivyo, vikombe hewani. Walipoingia wao hakuna aliyefurahi hivyo.

Kisha mama akakumbuka walipo. Akamkonyeza Mjomba, jicho la kusema mwambie asubiri nje. Mjomba alimwona. Akamtazama Mzee wa Mizani, ambaye uso wake haukuwa umesogea. Akamtazama Mkurugenzi.

"Ulisema hata ukiwa na wageni," Mkurugenzi alimkumbusha.

"Nilisema," Mjomba alijibu, akavuta suruali magotini, akaketi sakafuni. Miguu kaitawanya, koti la baba na vyote. Mama alifumba macho.

Alitoa kisu kidogo mfukoni, akampakata kiboko, akachokoa gundi polepole mpaka jino la waridi likamwangukia kiganjani. Akalitia mfukoni bila kulitazama mara mbili. Akapokea la Mkurugenzi, dogo kama punje, akalisafisha kwa leso, akaweka tone la gundi, akalikandamiza kwa kidole gumba, akangoja. Sebule nzima ilingoja naye.

"Sasa mng'ate," alisema Mkurugenzi.

Mjomba alifungua mdomo kuonyesha pengo. "Nimng'ate na nini? Nitapata upande tu."

"Bila kung'atwa simchukui."

Mjomba alimtazama mama. Mama akasema hayumo. Alimtazama kijana wa redio, kijana akaangalia viatu vyake. Ndipo kwenye kochi ikatoka sauti ambayo hatukuwa tumeisikia, nene, ya mtu aliyezoea kusimamisha malori.

"Lete."

Mzee wa Mizani alimpokea kiboko kwa mikono miwili, akampima uzito kwanza, juu chini, juu chini. Akamgeuza. Akamng'ata mgongo. Akamng'ata taya. Akatafuna sikio akiwa ametazama dari.

"Mbao imekauka vizuri," alisema. "Hii ni mlango?"

"Kizingiti," alijibu Mjomba.

"Nilijua." Akamrudisha. "Kingine?"

Mjomba alieleza kudondosha, wakamdondosha. Alieleza maji, mama akaona bora liishe, akaleta beseni. Ya kulalia mama mkwe alisema ataifanya yeye, akamweka kiboko kwenye kochi, akamkalia, akatulia, akasema hasikii ncha.

"Imebaki kutupwa kwa hasira," alisema Mjomba. "Ila iwe hasira ya kweli. Mimi hunichokoza dada."

"Mume wangu hana hasira," mama mkwe alisema. "Watu wote wanajua. Lakini ngoja." Alijiegemeza kochini, akalamba kijiko cha chai, akasema taratibu, "Baba, unalikumbuka lile lori la viazi?"

Mzee wa Mizani alimnyakua kiboko.

"Lilipita mbele yako," aliendelea mkewe. "Limezidi mpaka matairi yamelala. Na wewe ukampungia dereva mkono."

"Mizani ilikuwa imeharibika," alisema mzee.

"Ulimpungia na kofia."

Kiboko alipita mlangoni juu ya kichwa cha fundi baiskeli na kutua uani kwenye debe la maji machafu. Mbwa alitoka mbio, akarudi naye mdomoni, akamweka miguuni pa Mkurugenzi. Mkurugenzi alimfungua taya, akalivuta lile jino lake kwa vidole viwili, akalivuta tena.

"Limekaa," alisema, akatoka, baba yake na mbwa nyuma yake.

Mjomba aliomba radhi kwa mkono, akageukia ukuta. Alitoa kipande cha nta mfukoni, akakilainisha kwa vidole, akalibandika jino kwenye kibao chake. Alipogeuka alikuwa na jino la waridi katikati ya uso. Mama mkwe alifunua mdomo akaufumba. Mjomba akasimama wima, akafunga vifungo vya koti, akavuta pumzi.

"Sasa," alisema, akalionja hilo neno. "Sisi sote wa nyumba hii tunasema asanteni sana kwa safari. Sisi si wasemaji sana. Posa yenu tumeisikia sawasawa, na Msusi mwenyewe amesimama hapa bila kuitwa, kwa hiyo sina shaka naye kaisikia."

Nilichungulia mlangoni. Mbwa alikuwa amelala uani na hakuinua hata sikio.

"Tumekubali," alisema Mzee wa Mizani, kabla mkewe hajafungua mdomo.

Fundi wa meno aliporudi likizo alilikaza jino vizuri, akamuuliza Mjomba kama aifute ile rangi. Mjomba alisema aiache mpaka harusi ipite, maana Mkurugenzi amealikwa. Kwenye picha ya ukumbini yuko katikati, kati ya wakwe, anacheka. Hakukalishwa mlangoni, na wa kuangalia watoto wasiingie jikoni alitafutwa mwingine.

Siku hizi Mzee wa Mizani huja kwetu mchana bila kualikwa. Anavua viatu, anapita sebuleni, anaenda uani, anaketi sakafuni upande wa pili wa Mjomba, anachukua tembo na kuanza na masikio. Hawazungumzi sana. Mkewe huja naye, anakaa jikoni na mama wakipiga soga, akingoja wafike kwenye ile hatua ya hasira aitwe.